Sharti la Imani na Zamu ya Mikono: Kisa cha Familia Inayolea Mtoto Mwenye Mtindio wa Ubongo

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinahusu familia moja ya Kilutheri kaskazini mwa Tanzania, kwenye miteremko ambako nyumba zimejificha ndani ya migomba na kila mtaa wa kanisa una kengele yake. Nimeihudumia familia hii tangu mwaka 2013 nikiwa mhudumu wa utengamao, yaani wa mazoezi ya viungo na vifaa kwa wenye ulemavu, katika kazi ya diakonia, yaani huduma ya kanisa kwa wahitaji, kwa hiyo sisemi kama mtazamaji wa mbali, na baadhi ya makosa yatakayoelezwa hapa ni yangu. Majina yamebadilishwa, usharika hautajwi, na mambo machache ambayo yangemtambulisha mtu yameondolewa. Mtoto tumempa jina la Eli, na dada yake tumemwita Naomi. Mama na Naomi walisomewa andiko lote, nao wakaomba jambo moja liongezwe, ambalo nitalionyesha litakapofika mahali pake.

Nimeandika kwa ajili ya wachungaji, wainjilisti, wazee wa kanisa na wahudumu wa afya. Familia hii haikukosa maombi hata wiki moja. Iliyoyakosa kwa miaka saba ni maelezo ya kilichompata mtoto na mikono ya kusaidia kumbeba, na katika nafasi hizo mbili zilizokuwa wazi watu waliweka maneno ya imani, mengi yakiwa ya kweli, lakini yakiwa si mahali pake.

Familia na kuzaliwa kwa Eli

Baba ni fundi ujenzi. Mama alikuwa akiuza ndizi na maparachichi sokoni mara mbili kwa wiki. Walifunga ndoa kanisani, wakapata binti yao Naomi mwaka 2001, na tangu hapo mama akaitwa Mama Naomi kama ilivyo desturi. Baba aliimba besi katika kwaya ya usharika, na mama alikuwa mweka hazina wa jumuiya, yaani kundi la majirani wanaokutana nyumba kwa nyumba kila wiki kusoma Neno, kuomba na kutoa sadaka ndogo.

Eli alizaliwa mwaka 2006 baada ya uchungu uliodumu zaidi ya siku nzima. Hakulia. Alisaidiwa kupumua kwa mfuko wa hewa, akakaa wodini siku tisa akilishwa kwa mpira uliopitishwa puani, na katika siku zile alipata degedege. Mama anakumbuka kwamba alimuuliza mhudumu mara mbili mtoto ana nini, na mara zote mbili akajibiwa, "Mshukuru Mungu, mama, yuko hai." Jibu hilo lilitolewa kwa upendo naye akalipokea hivyo. Jumapili ya kwanza aliyoweza kutoka nyumbani alipeleka sadaka ya shukrani, akasimama mbele ya usharika na kushuhudia kwamba mwanawe amepona kabisa. Ushuhuda ule ulikuja kumfunga, kwa maana mtoto alipofikisha miezi saba shingo ikiwa bado haijakaza, mama aliona haya kurudi hospitalini, kama mtu anayeidai upya shukrani aliyokwisha kumtolea Mungu.

Alikwenda mtoto akiwa na mwaka mmoja na miezi minne. Katika hospitali ya rufaa alielezwa kwamba Eli ana mtindio wa ubongo pamoja na kifafa, akaandikiwa fenobabitoni na kupangiwa mazoezi ya viungo. Mtindio wa ubongo ni madhara ya kudumu katika sehemu za ubongo zinazoongoza misuli, yanayotokea ubongo ukiwa bado mchanga: kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa kwa kukosa hewa, au muda mfupi baadaye kwa mfano wa manjano kali au homa ya uti wa mgongo. Madhara yenyewe katika ubongo hayaongezeki kadiri mtoto anavyokua, lakini misuli isiyonyooshwa huzidi kukaza, na viungo visivyowekwa katika mkao sahihi huharibika. Mambo haya yalielezwa kwa dakika chache katika foleni ndefu, na mama alitoka na neno moja tu alilolishika, nalo ni "kudumu".

Mambo yalivyofuatana, 2008 hadi 2013

Katika miaka miwili ya kwanza jumuiya ilikuja mara kwa mara kuomba. Hapo ndipo yalipoanza mambo ambayo mama mwenyewe huyaita masharti. Mpendwa mmoja alimwambia kwamba uponyaji uko tayari ila kuna dhambi ambayo hajaiungama. Mwingine akamwambia amsamehe mama mkwe wake kwanza. Mwingine aliona katika maono kitu kilichofukiwa karibu na mlango wa jiko, na mahali pale pakachimbwa hadi goti bila kitu kupatikana. Bibi mzaa baba, kwa upande wake, alisema kwamba katika ukoo wao haijawahi kuonekana hali kama hiyo, kauli ambayo kila mkwe anajua inaelekezwa wapi. Mama, kwa mazoea ya mweka hazina, aliandika kila sharti katika daftari, pamoja na tarehe aliyolitimiza. Aliponionyesha daftari hilo mwaka 2013 nilihesabu masharti 17. Yote yalikuwa na alama ya vyema.

Mwaka 2011, maelfu ya watu walipokuwa wakimiminika kijijini Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500, kilichoaminiwa kuponya, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, ukoo ulichanga nauli ili Eli apelekwe. Mama alikataa. Alisema mtoto anayepaliwa hata kwa maji hawezi kukaa siku kadhaa ndani ya gari katika foleni ya barabarani. Alikuwa sahihi, lakini kukataa kwake kuliandikwa katika akili za watu kama upungufu wa imani, na kwa baba hasa.

Wakati huohuo mama alikuwa ameanza kukosa ibada. Eli alikuwa akitoa sauti wakati wa mahubiri, na tarumbeta zilipoanza ghafla alishtuka mwili mzima na kukakamaa. Mzee wa zamu alimsogelea mama kwa adabu na kumwomba atoke nje "mpaka mtoto atulie". Ilipotokea mara ya tatu hakurudi tena. Kwa kuwa hakuwa akionekana kanisani wala sokoni, watu waliacha polepole kumwita Mama Naomi, wakawa wanasema "mama wa yule mtoto".

Baba alihamia mjini kutafuta kazi, na huko akajiunga na huduma moja ya maombezi. Mwaka 2012 alirudi nyumbani na agizo kwamba familia ifunge siku saba na dawa zote za mtoto ziwekwe kando, kwa hoja kwamba mtu hawezi kumwamini Mungu na kidonge kwa pamoja. Mama alibishana naye usiku mzima, kisha akakubali, kwa sababu ambayo alinieleza waziwazi: kama angekataa na mtoto asipone, kosa lingekuwa lake maisha yake yote. Siku ya nne Eli alipata degedege lisilokatika. Dawa ya kifafa inayokatizwa ghafla, hasa fenobabitoni ambayo mwili umeizoea kwa miaka, huweza kuleta hatari hii hasa, na hupunguzwa kidogokidogo tena kwa uangalizi wa daktari. Alifikishwa hospitalini baada ya zaidi ya saa moja. Aliokoka, lakini kwa miezi mingi hakutabasamu wala kugeuza macho aliposikia sauti ya dada yake, na uwezo wa kumeza ulishuka kuliko ulivyokuwa.

Baba alirudi mjini bila kuaga. Nilipofika nyumbani hapo mwanzoni mwa mwaka uliofuata, nikiwa nimetumwa na mchungaji mpya wa usharika, Eli alikuwa na umri wa miaka saba na uzito wa kilo tisa.

Maamuzi yaliyofanywa na sababu zake

*Kulisha kwanza.* Eli alikuwa amelazwa kwa nimonia mara nne katika mwaka mmoja. Majirani waliona katika jambo hilo vita ya kiroho, nami nilitaka kuona anavyokula kabla sijasema lolote. Alikuwa akilishwa amelala chali mapajani, kichwa kimening'inia nyuma, kwa uji mwepesi uliomiminwa mdomoni kwa kikombe. Katika mkao huo njia ya hewa iko wazi na chakula kinateremka kabla koo halijajiandaa, kwa hiyo sehemu ya kila mlo ilikuwa ikiingia mapafuni. Tulibadilisha mambo matatu tu: akae wima, kichwa kiinamie mbele kidogo; chakula kiwe kizito na laini, na hapo mtori wa ndizi uliopondwa vizuri ulifaa kuliko chochote cha kununua; kijiko kiwe kidogo, na kila tonge lisubiri lile la kwanza limezwe. Mlo uliokuwa ukichukua dakika kumi ukawa unachukua dakika arobaini, na hiyo ndiyo gharama halisi ya ushauri huu, ambayo wahudumu wa afya huwa hatuitaji.

Kiti cha kwanza tulikitengeneza kwa maboksi yaliyogandishwa tabaka kwa tabaka kwa gundi ya uji wa unga, kisha seremala wa mtaani akatengeneza cha mbao chenye meza ya mbele na mkanda wa nyonga. Nimonia zilipungua hadi moja katika miezi kumi na minane iliyofuata. Sijapata kuona katika kazi yangu jambo dogo kama hilo likinyamazisha maneno mengi kiasi hicho.

*Kuondoa masharti.* Mchungaji alilisoma lile daftari lote akiwa amekaa jikoni. Hakulichoma wala hakulikemea. Jumapili iliyofuata alihubiri juu ya Marko 2, habari ya mwenye kupooza aliyechukuliwa na watu wanne, akasisitiza neno ambalo wengi wetu tulikuwa tumelipita tu: Yesu aliiona imani yao, yaani ya wale waliobeba. Mwenye kupooza haulizwi kitu kabla ya kupokelewa. Aliongeza Yohana 9, ambapo wanafunzi wanauliza ni nani aliyetenda dhambi nao wanajibiwa, "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake." Kisha akatoa tangazo la kichungaji kwamba nyumba ile itaendelea kuombewa, ila hakuna mtu atakayeingia humo na sharti, na hakuna atakayegusa dawa za mtoto. Wapo waliosema anazima Roho. Yeye aliona kwamba wajibu wake wa kwanza ni kwa aliyeumizwa.

*Zamu ya watu wanne.* Kutokana na mahubiri yale familia nne za jumuiya zilijitolea kumshika Eli, kila moja asubuhi moja kwa wiki. Niliwafundisha kwa muda wa saa mbili: namna ya kumbeba bila miguu kupishana kama mkasi, namna ya kumlisha, na la kufanya degedege likija, yaani kutazama saa, kumlaza kwa ubavu, kutotia kitu chochote mdomoni, na kumkimbiza hospitalini likipita dakika tano.

Mwezi wa kwanza mpango huu ulishindikana, na ulishindikana kwa namna ambayo kila mtu wa huko kwetu ataielewa. Wakina mama walikuja watano badala ya mmoja, wakaimba, wakaomba kwa muda mrefu, na mama wa nyumba akawachemshia chai na kuwatafutia maandazi. Mtu akija kwako ni mgeni, na mgeni hasindikizwi na njaa. Mwinjilisti ndiye aliyeligundua hilo alipomkuta mama akilia jikoni huku sebuleni wakiimba pambio la faraja. Tuliweka kanuni: anayekuja ni mmoja, hapikiwi, anaanza kwa zaburi moja na sala fupi, na mama mwenyewe lazima atoke nyumbani, awe anakwenda sokoni au kulala kwa jirani. Sehemu hii ya mwisho ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote. Ilichukua wiki sita kabla mama hajaweza kuvuka mlango wa ua bila kurudi kuchungulia.

*Baba.* Mchungaji alimfuata mjini mara mbili. Mara ya kwanza alikwenda na mzee wa kanisa, na ziara ikageuka kikao cha shauri. Baba aliitikia kila kitu na hakutimiza hata kimoja. Mara ya pili alikwenda peke yake, wakala chakula cha mchana kwenye kibanda cha mama lishe, na huko baba akasema kwamba yeye ndiye aliyemshikilia mtoto garini siku ile ya degedege na kwamba haamini Mungu anaweza kumtazama. Hatukuwa tumelifikiria hilo hata kidogo. Tulikuwa tunamwendea mtu mkaidi, kumbe tulikuwa na mtu aliyekata tamaa.

Suala lake liliamuliwa Krismasi, wakati wanaukoo waliotawanyika Dar es Salaam, Arusha na kwingineko hurudi nyumbani na mambo mazito huzungumzwa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, baada ya ibada. Babu aliuliza mbele ya wote ni nani atakayebeba gharama ya dawa, na baba akasimama na kusema ni yeye. Tangu hapo hutuma fedha kila mwezi. Usharika, kwa upande wake, ulianza kutenga fungu dogo kutokana na mnada wa Jumapili, ule wa mikungu ya ndizi, mayai na mbuzi wanaotolewa kama sadaka, ili nyumbani kusikose akiba ya dawa ya mwezi mmoja. Dawa hii si ghali. Huisha zahanati bila taarifa, na pengo la siku chache linatosha kuleta maafa yaleyale ya mwaka 2012.

Kipaimara

Mwaka 2019 wenzake wa rika walipoanza mafundisho, mama aliuliza kama Eli ataandikishwa. Swali hili liligawanya baraza la wazee kuliko jambo lingine lolote katika kisa hiki. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu aliyewafundisha nusu ya usharika Katekisimo Ndogo, kitabu kifupi cha mafundisho ya imani ya Kilutheri, alisema kwa uchungu wa kweli, "Baba Mchungaji, tukimpitisha huyu bila kukiri kwa kinywa chake, tutawaambia nini wale tuliowarudisha mwaka jana kwa kushindwa Amri Kumi?" Si hoja ya kudharauliwa. Kipaimara ni ukiri wa mtu mwenyewe juu ya ubatizo aliopewa akiwa mchanga, na Eli hasemi.

Mchungaji alijibu kwa katekisimo hiyohiyo. Martin Luther, katika kitabu hicho cha mwaka 1529, anapoeleza maana ya sehemu ya tatu ya Imani ya Mitume, anamfanya muumini akiri kwamba hawezi kumwamini Yesu Kristo kwa akili wala kwa nguvu zake mwenyewe, bali ameitwa na Roho Mtakatifu kwa Injili. Kama hivyo ndivyo tunavyofundisha, alisema, basi uwezo wa akili hauwezi kuwa mlango. Mzee alinyamaza kwa muda mrefu, halafu akauliza kama Eli anaelewa lolote.

Tulichukua miezi miwili kulijibu swali hilo. Eli alikuwa na njia ya kusema ndiyo kwa kuinua macho juu, na hapana kwa kuyafumba, njia ambayo Naomi aliigundua zamani kabla yangu. Mwinjilisti na Naomi walimuuliza maswali ya visa vya Biblia alivyokwisha kusikia, kila swali mara mbili kwa siku tofauti, mara moja likiwa na jibu la ndiyo na mara nyingine la hapana, ili bahati isihesabiwe kuwa maarifa. Alivijua visa vingi. Alijua ni nani aliyemezwa na samaki, na alifumba macho kwa nguvu alipoulizwa kama Petro alikaa na Yesu usiku ule wa mashtaka bila kumkana. Maswali ya mafumbo hayakupata jibu lolote la kutegemewa.

Alihudhuria mafundisho kwa miaka miwili akiwa katika kiti chake, wenzake wakipokezana kumsukuma kwenye njia ya vumbi. Mwaka 2021 alibarikiwa pamoja nao. Alipoulizwa kama anamwamini Mungu Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, kanisa lilisubiri, maana macho yake huchukua muda, kisha yakainuka. Kwa Chakula cha Bwana tuliamua kabla kwamba apewe punje ndogo ya mkate iliyochovywa katika divai, kwa sababu mkate mkavu hung'ang'ania kaakaa na angepaliwa mbele ya watu wote. Tarumbeta zilielekezwa kuanza kwa sauti ya chini. Yule mzee mwalimu ndiye aliyeshika kiti kisiteleze kwenye ngazi za madhabahu.

Hali ilivyo baada ya hapo

Eli ni kijana sasa. Degedege humjia mara moja au mbili kwa mwezi, nayo huandikwa katika kurasa za nyuma za daftari lilelile la masharti. Uzito wake ni mdogo lakini unapanda. Nyonga yake ya kushoto imetoka mahali pake na haitarudi, kwa sababu miaka saba ya mwanzo ilipita bila mazoezi wala mkao mzuri, na humuuma nyakati za baridi. Mama amerudi sokoni siku moja kwa wiki na kanisani karibu kila Jumapili. Baba huja Krismasi na Pasaka. Wanandoa hawa hawajarudi kuishi pamoja, nami siwezi kuandika kwamba ndoa imepona.

Shule ilishindikana. Jaribio la kumpeleka kwenye shule ya msingi yenye kitengo cha elimu maalumu lilikwama kwa kukosa mtu wa kumhudumia chooni, ingawa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma kama mtoto mwingine yeyote. Tulikata tamaa mapema mno. Tulipaswa kulipeleka suala hilo kwa ofisa ustawi wa jamii na kulifuatilia, badala yake tukasema darasa la kipaimara linatosha.

Uchambuzi

Kosa la kwanza lilitokea wodini, na halikuwa kosa la matibabu. "Mshukuru Mungu, yuko hai" lilikuwa neno la kweli lililotumika kufunga swali la mama. Laiti angeambiwa siku ileile kwamba mtoto alikosa hewa, kwamba huenda ubongo umeumia, na kwamba arudi akiona shingo haikazi kufikia miezi minne au mitano, angepata karibu mwaka mzima wa mazoezi. Aidha asingetoa ushuhuda uliomfungia mlango wa kurudi. Mhudumu wa afya Mkristo anaweza kusema yote mawili, shukrani na taarifa, na mgonjwa ana haki ya yote mawili.

Kuhusu maombi, baadhi ya wasomaji wenzangu katika fani ya afya watatarajia niseme kwamba yalikuwa chanzo cha madhara. Sivyo nilivyoona. Mama anasema zaburi zilizosomwa katika zamu ndizo zilizomwezesha kulala. Kilichomdhuru ni sharti lililofungwa kwenye kila ombi, ambalo lilihamisha mzigo wa matokeo kutoka kwa Mungu na kuuweka juu ya mwanamke mmoja aliyechoka. Aliyetimiza sharti baada ya sharti bila kuona mabadiliko hakuwa na namna ya kukataa lililofuata, hata lilipokuwa la kuacha dawa. Anayetaka kuelewa kwa nini mama mwenye akili timamu na upendo mkubwa alikubali kuweka fenobabitoni kando asome daftari lile tangu ukurasa wa kwanza.

Zamu ilifanya kazi kwa sababu ilikuwa ya siku maalumu, ya mtu mmoja, yenye ujuzi mdogo uliofundishwa na kanuni ya kutopikiwa. Nimeona sharika nyingine zikitangaza "tuwakumbuke wenye watoto walemavu" na kuishia hapo. Tangazo la namna hiyo halimpi mama hata saa moja ya kulala.

Sasa nifike kwenye makosa yangu. Kwa mwaka mzima wa kwanza sikumwona Naomi. Nilimwona akiniletea kiti, akinisalimu shikamoo na kumshikilia mdogo wake nilipomnyoosha miguu, nikamsifu kwa bidii yake. Sikuuliza kwa nini yuko nyumbani siku ya shule. Alikuwa akikosa masomo kila siku ya kliniki na kila Eli alipougua. Siku moja, akiwa na miaka 13, aliniuliza kama mtu anayeomba mdogo wake afe ni muuaji mbele za Mungu. Hili ndilo jambo ambalo yeye na mama yake waliomba liandikwe. Alikuwa ameomba hivyo tangu mwaka 2012, akiamini kwamba degedege lile lilikuwa jibu la ombi lake. Nilimwita mchungaji siku hiyohiyo, na mchungaji akaketi naye chini ya mparachichi, akamsomea malalamiko ya Ayubu na ya Yeremia, akamwambia kwamba Mungu huyasikia maneno ya aliyechoka kama maneno ya aliyechoka. Naomi anasema nafuu aliipata pale, na nyingine aliipata alipotengewa siku zake za shule katika ratiba ya zamu. Lakini alikuwa amebeba jambo hilo peke yake kwa zaidi ya mwaka nilipokuwa nikiingia na kutoka katika nyumba ileile. Tangu hapo, katika kila nyumba ninayoingia, huuliza habari za ndugu wa mtoto kabla sijafungua mfuko wangu wa vifaa.

Kosa langu la pili ni lile jaribio la maswali kabla ya kipaimara. Kwa elimu ya Eli lilikuwa na faida kubwa, maana hadi leo watu humuuliza mambo badala ya kumsemea. Lakini tulilifanya ili baraza litulie, na kwa kufanya hivyo tuliweka sharti la 18 kwa mikono yetu wenyewe. Kama Eli asingejua visa vile, je, tungemkatalia? Katika mtaa wa jirani yuko binti ambaye ubongo wake umeumia zaidi, asiyeinua macho wala kuyafumba kwa swali lolote, na mama yake ameshauliza. Hoja ya mchungaji kutoka Katekisimo Ndogo ilitosha siku ile ilipotolewa, na mimi ndiye niliyeidhoofisha kwa kutaka kuithibitisha kwa vipimo. Suala la binti huyo liko mbele ya baraza la wazee sasa, na safari hii sijapendekeza kipimo chochote.

Katika zile familia nne za mwanzo zimebaki mbili. Moja imehama na mama wa nyingine amefariki dunia. Mgongo wa mama yake Eli hauwezi tena kumwinua peke yake, na kiti kinahitaji kupanuliwa kwa mara ya tatu. Vijana watatu waliopata kipaimara pamoja naye wameandikishwa katika zamu ya Jumamosi, na mafunzo yao ya kulisha na ya degedege yanaanza wiki ijayo, nyumbani kwa Mama Naomi.